Hakuna Mzoga, Hakuna Kufa

Nimeishi ghorofa moja chini ya Conservateur kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akiitika jina lake. Siku moja nilimsindikiza kwa daktari wa macho, hapa hapa Ganshoren, mtaa wetu wa Brussels, maana alikuwa ameanza kuziogopa ngazi. Muuguzi akatoka na faili, akamwita "Monsieur" fulani. Akaita tena. Nikamgusa kiwiko.

"Papa, unaitwa wewe."

"Ule ni muntu wa ku papiers," akanijibu bila kugeuka. "Miye ni Conservateur. Aite muzuri."

Muuguzi akaita mara ya tatu, akaanza kuliweka faili chini ya mengine. Ikabidi niinuke mimi, nimwendee, nimwombe kwa upole amwite Monsieur le Conservateur. Alikuwa msichana mwenye subira, akafanya hivyo. Ndipo mzee akasimama, akaweka bereti yake sawa, akatembea kuelekea mlangoni huku chumba kizima kikimtazama, nadhani wakimfikiria kuwa mkuu wa jumba la makumbusho, kwani huku neno hilo lina maana hiyo.

Kwa asiyejua, Wakongo wanamwita conservateur mkuu wa mbuga ya wanyama. Na huyu, kwa maneno yake, alikuwa mkuu wa mbuga moja ya bondeni huko Katanga, nchi ya chini yenye joto, maziwa na mafunjo, ambako mto ukifurika tambarare yote inageuka maji na swala wanatembea humo kama bata. Vita vilimtoa huko na kumleta Ubelgiji. Alizaliwa wapi, na nani, sijui, na sitajifanya najua. Mimi mwenyewe ni Mtanzania wa Kigoma niliyeolewa na mtu wa Likasi, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia supu, kuwasikiliza. Conservateur hakuwa mmoja wa wazee wangu wa kazini. Huyu nilimhudumia bure, na yeye alinilipa kwa kuniita Maman Tanzanie na kuucheka Uswahili wangu, ambao alisema unamkumbusha taarifa ya habari.

Alivaa kaki kila siku iliyotoka kwa Mungu. Shati la kaki, suruali ya kaki, na wakati wa baridi koti la Kizungu juu yake, lakini vifungo viwili vya juu viliachwa wazi ili kaki ionekane. Shingoni alining'iniza filimbi. Niliwahi kumwona kwenye kituo cha tramu Schaerbeek akiipuliza, kwa sababu abiria walikuwa wanasukumana mlangoni, na ajabu ni kwamba walisimama. Hata dereva alisimama. Conservateur akapanda wa kwanza, akawashukuru kwa kichwa.

Jengo letu la ghorofa nne aliligeuza mbuga. Nilipohamia nilikuta karatasi zimebandikwa ukutani kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri. Chumba cha mita za umeme kiliandikwa "zone intégrale", maana yake hakuna binadamu kuingia. Ngazi zote zilikuwa "zone tampon", eneo la kupita bila kukaa. Mahali pa mapipa ya taka aliandika "point d'eau", yaani mahali wanyama wanapokunywa maji, akanieleza kwamba kila kiumbe wa jengo lazima afike pale walau mara moja kwa siku, kwa hiyo ukitaka kuhesabu wapangaji, jifiche hapo. Na aliwahesabu kweli. Jikoni kwangu ndiko kulikuwa "gîte", yaani nyumba ya wageni wa mbuga, kwa sababu kwake kulikuwa na kiti kimoja tu na karatasi nyingi. Kila mgeni wake alipokelewa kwangu, kwa chai yangu.

Masika ya mwaka mmoja ndege mweusi mwenye mdomo wa njano alijenga kiota kwenye kikapu cha baiskeli ya mume wangu, uani. Conservateur akaizungushia baiskeli kamba yenye vipande vya mifuko ya plastiki. Mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti na anaamka alfajiri, akapanda kumgongea.

"Papa, miye ninaenda kazi na nini?"

"Na bus, mon cher. Ni période de reproduction, ndege anazala. Hata président haingie."

Mume wangu alipanda basi wiki tano. Msimamizi wa jengo akaandika barua kulalamika kuhusu kamba na karatasi za ukutani. Conservateur akamjibu kwa kurasa tatu, na chini yake akagonga muhuri. Ndiyo, alikuwa na muhuri, wa mbao na mpira, wenye jina la mbuga na kichwa cha pundamilia katikati. Barua ya pili haikuja. Wabelgiji wanaheshimu muhuri kuliko sisi, na sisi tunauheshimu kupita kiasi.

Maneno yake niliyajua kwa moyo. Ukimlalamikia jambo lolote, hata mwanao kufeli hesabu, alikujibu, "Nyama haipige kura, maman," yaani mnyama hapigi kura, na ilikuwa juu yako kutafuta uhusiano. Lakini msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Parc haichungwe na fusil. Inachungwa na cahier." Bunduki inaweza kuibiwa, alisema, na mwenye bunduki anaweza kununuliwa, lakini kilichoandikwa kimeandikwa. Nilimwamini. Mimi pia naandika daftari kazini: mzee amekula, mzee hakula, mzee ameanguka, mzee amefariki. Nilijiona kama mlinzi mwenzake.

Sasa nisije nikamvika kilemba cha ukoka. Alikuwa mtu wa kupiga chuku, na alikuwa na tumbo. Kwenye Chaussée de Wavre, mtaa wa maduka ya Waafrika, aliingia duka baada ya duka, akawaomba wenye maduka wafungue friza ili akague kama kuna nyama ya porini, na kwa kuwa ni mzee mwenye bereti, walifungua. Hakuwahi kukuta kitu zaidi ya samaki na vipapatio vya bata mzinga. Ila kwenye sherehe moja ya komunyo, Schaerbeek, mfuniko wa sufuria ulipoinuliwa, alisimama.

"Hii ni nyama ya nini?"

"Ya ng'ombe, Papa," akajibu mwenye sherehe, akiangalia pembeni.

"Ng'ombe gani eko na mukono kama hii?"

Alitupa somo la nusu saa juu ya nungunungu, ujauzito wake, faida yake kwa udongo na aibu ya taifa linalokula urithi wake. Chakula kikapoa. Watoto wakalala mezani. Alipomaliza, akaomba bakuli la plastiki lenye mfuniko, akachotewa vipande vinne vikubwa, "kwa échantillon", alisema, vikafanyiwe uchunguzi. Kesho yake mchana uchunguzi ule ulinukia ngazini kutoka juu, ukiwa na vitunguu, nyanya na pilipili ya kutosha.

Mara moja kwa mwaka, baada ya misa, alitoa mhadhara kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwa na picha sita za slaidi, na ya kiboko ilikuwa inaingia kichwa chini miaka yote, akiiacha hivyo na kusema kiboko yuko anaogelea. Watu wa Katanga walijaa. Wengi wao hawakuwahi kuiona mbuga hiyo. Walizaliwa mjini, karibu na mitambo ya shaba, na mnyama mkubwa waliyemjua ni mbuzi. Lakini Conservateur alipoanza kuelezea tambarare asubuhi, ukungu ukiondoka juu ya mafunjo na pundamilia wakitoka mmoja mmoja kuja kunywa, akina mama walipangusa machozi. Kisha aliinua daftari na kusoma hesabu. Pundamilia mwaka ule, wangapi. Mwaka uliofuata, zaidi. Mwaka wa vita wenyewe, zaidi tena, hadi ule mwaka wa mwisho, arobaini na wawili: "quarante-deux!" Watu walipiga makofi kama timu yao imefunga goli. Nyumbani kila kitu kilikuwa kimevunjika, migodi, reli, shule, lakini pundamilia walikuwa wanaongezeka.

Mume wangu peke yake hakupiga makofi. "Ule papa hakulinda hata sungura," aliniambia tukiwa kwenye basi la kurudi. Nikamwambia ana kinyongo cha baiskeli.

Madaftari yenyewe yalikuwa kumi na moja, ya shule, yamefungwa ndani ya mfuko wa supamaketi juu ya kabati lake. Alivuka nayo mipaka mitatu. Aliacha nguo, aliacha picha za harusi, hakuacha madaftari. Siku moja akiwa na homa aliniruhusu kuyashika. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, mnyama, idadi, waliozaliwa, waliokufa. Nikafungua moja, nikafungua la pili, nikafungua la tano. Safu ya mwisho ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini.

"Papa," nikamuuliza, "kwenu wanyama hawafi?"

Akanyoosha mkono kutoka kitandani, akayachukua, akayaweka chini ya mto. Akasema homa imezidi, nikamletee maji. Sikufikiria tena jambo lile, na hapo mimi ninayejisifu kwa kuandika vifo vya wazee wa watu nilikuwa mjinga kweli.

Halafu akaja Mademoiselle. Alikuwa binti wa Kiflemi mwenye baiskeli, mtafiti wa chuo, aliyejifunza Kiswahili Tanzania na kukisema bila kuacha hata silabi moja. Alikuwa amesikia habari za madaftari kanisani. Kazi yake, alitueleza kwenye gîte yangu huku akikataa sukari, ilikuwa kuandika ripoti juu ya mbuga mbili za Kongo: ile ya bondeni ya Conservateur, na nyingine ya kaskazini. Wafadhili walikuwa tayari kupeleka walinzi, lakini walitosha mbuga moja tu. Ripoti yake ndiyo ingeamua ipi. Hesabu za miaka ya vita hazikuwepo popote duniani, isipokuwa juu ya kabati la mzee huyu.

Conservateur alimkabidhi mfuko wa supamaketi kwa mikono miwili. Aliandika hati ya makabidhiano, akagonga muhuri, akamwambia asaini. Wiki mbili nzima alitembea amenyooka. Alinipa habari za jinsi atakavyowapanga walinzi wapya: wangapi ziwani, wangapi kwenye tambarare. Alikuwa tayari amewapa viatu.

Mademoiselle aliporudi uso wake uling'aa. Akatushika mikono sote wawili.

"Shikamoo mzee. Nina furaha kubwa kukujulisha kwamba mbuga yako ni ya ajabu. Katika miaka yote ya vita, idadi ya pundamilia imeongezeka bila kupungua hata mara moja. Sijawahi kuona jambo kama hili."

"Bon," akasema Conservateur. "Na bagarde banaenda siku gani?"

"Ah, hapana, mzee. Walinzi tutapendekeza wapelekwe kaskazini. Kule hali ni mbaya sana, wanyama wanakufa. Mbuga yako imethibitisha kwamba inajilinda yenyewe. Hongera sana!"

Alikuwa anampa zawadi, maskini. Akaongeza kwamba jumuiya ya parokia, kwa kusikia habari hizo, imeamua kumtunukia diploma ya heshima siku yeye Mademoiselle atakapoisoma ripoti ukumbini, Jumapili ya tatu kutoka hapo. Conservateur alikuwa ameshika kikombe. Hakukinywa na hakukiweka.

"Inajichunga yenyewe," akarudia polepole.

Jioni ile nilimkuta ameketi kwenye ngazi, katikati ya ghorofa yake na yangu, katika zone tampon ambamo yeye mwenyewe alikataza watu kukaa. Akapigapiga ngazi kwa kiganja.

"Kaa, Maman Tanzanie. Weye unahudumiaka bazee. Unajua kusikia."

Nikakaa na mfuko wangu wa viazi mapajani.

"Tulikuwa batano kwa plaine, ile tambarare yote," akasema. "Bottes, ile viatu ya maji, zilikuwa paires deux. Bale bantu ba fusil beko mule mu plaine, ukienda, haurudie. Lakini kila trimestre, kila myezi tatu, bureau inaomba: tuma comptage, ile hesabu. Alors tunakaa ku poste, chini ya bati, tunakamata cahier ya zamani, tunaongeza batoto. Pundamilia dike anazala, non? Njo tunaandika."

"Na waliokufa?"

"Règlement, maman, sheria! Juu ya kuandika kufa inaomba mzoga. Mzoga, na signature tatu. Bale braconniers, bale majangili, banabeba nyama, banabeba ngozi, kichwa, hata mukia. Mzoga iko wapi? Hakuna mzoga, hakuna kufa. Ile njo règlement."

Alisema hivyo kwa sauti ya kujitetea, lakini haikumsaidia, maana aliisikia yeye mwenyewe. Mimi nilitaka kucheka, na nilitaka kumzaba kofi. Miaka yote ile watu wazima tulipigia makofi wanyama waliozaliwa kwenye karatasi, wakazaa kwenye karatasi, na wajukuu wao wakazaa, bila hata mmoja wao kuugua tumbo.

"Papa, niambie kweli. Wewe ulikuwa mkuu wa mbuga?"

Akavua bereti, akaiweka gotini.

"Conservateur wa kweli alikimbia na jeep, siku ya kwanza ya vita. Miye nilikuwa secrétaire. Nilibakia na cachet, ile muhuri." Akanitazama. "Mwenye cachet njo conservateur, maman. Nani mwingine?"

Nikaurekebisha mfuko wa viazi mapajani.

"Pundamilia ya mwisho niliona na macho yangu," akaendelea. "Dike moja. Sikio imepasuka. Eko peke yake, anakunywa maji. Niliangalia nyuma yake juu ya kuona benzake. Hakuna muntu. Ile trimestre niliandika quarante-deux."

Akalia. Nilimwacha alie, maana nimejifunza kazini kwamba mzee anayelia hafutwi machozi haraka.

Shida yake ilikuwa wazi na sitaipamba. Akinyamaza, atapata diploma, na ile tambarare haitapata mlinzi hata mmoja, na chochote kilichobaki humo kitaliwa. Akisema, huenda walinzi watapelekwa, lakini yeye atabaki nani? Pensheni hakuwa nayo, mke alishamzika, watoto walikuwa Kanada wanapiga simu Krismasi. Alikuwa na jina lile tu la kazi, nalo halikuwa lake.

Wiki zile tatu zilikuwa za kuchekesha na kuchosha. Jumatatu alishuka kwangu kuniambia ameamua kusema. Jumanne aliniambia Mademoiselle ni mtoto, ataumia, heshima ya utafiti itaharibika, kwa hiyo kunyamaza ni huruma. Jumatano alipata hoja kwamba pundamilia mmoja mwenye mimba, kwa miaka kadhaa, kwa hesabu ya kitaalamu, anaweza kabisa kufika arobaini na wawili. Alimwomba hata mume wangu ushauri.

"Nyamaza, Papa," mume wangu akamwambia. "Huku Ulaya, kintu ikisha kuandikwa, ni kweli."

Nilidhani ushauri huo ungemfurahisha. Badala yake ulimchukiza sana, akapanda kwake bila kuaga. Mimi nilimwambia mara moja tu, kwa Kiswahili changu cha redio, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba methali hiyo ni ya pwani, si ya bondeni.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, wa Katanga mbele, wa Kivu nyuma, na safu mbili za Wabelgiji wastaafu waliowahi kuishi huko zamani na wanaopenda kuambiwa kwamba kuna kitu kimebaki. Mademoiselle akasoma ripoti yake. Akaonyesha mchoro, mstari mwekundu unaopanda tu. Makofi. Mwenyekiti wa jumuiya akaikunjua diploma. Conservateur akaitwa.

Alipanda na kaki iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikawa kama wembe. Alianza na protokali, na protokali yake ilikuwa ndefu: monsieur l'abbé, bapapa, bamaman, wageni wa heshima, vijana, marehemu. Mwenyekiti alikuwa bado ameshika diploma wazi, akiihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mimi nilikuwa nimemshika mume wangu mkono.

"Ile quarante-deux," akasema, "niliifanya miye."

Watu wakapiga makofi, wakidhani anajisifu kwa kuwatunza. Akangoja wanyamaze.

"Hapana. Sikia muzuri. Niliifanya na bic. Niliona moja."

Mademoiselle akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, mzee. Unamaanisha mwaka upi?"

"Myaka yote, mutoto wangu. Mustari ile iko inapanda ni miye nilikuwa ninaipandisha. Mbuga haijichunge. Banyama bamekwisha. Tuma bagarde kule. Na tena, miye sikuwa conservateur. Nilikuwa secrétaire."

Kisha papa mmoja wa mbele akasimama, uso umemvimba: "Weye! Unatupatisha haya mbele ya Bazungu!" Na mama mmoja akapiga kelele kwamba angalau angengoja watu wamalize kula kwanza. Mmoja wa Wabelgiji akaguna, akatoka. Mademoiselle alikuwa ameiweka kalamu mezani na anauangalia mstari wake mwekundu. Mwenyekiti akakunja diploma, akairudisha kwenye mfuko, akatangaza kwamba chakula kiko tayari, na watu wakala bila kuongea, wakiwa wamempa Conservateur mgongo. Mimi nilimpelekea sahani. Alikula yote.

Niseme vilevile yaliyofuata, ili msimsikitikie kupita kiasi. Mademoiselle alilia siku mbili, alikuja kuniambia mwenyewe, halafu akaichana ripoti na kuiandika upya. Mbuga ya bondeni ikapandishwa hadi juu ya orodha ya zile zinazokufa, na walinzi wakapelekwa huko. Hadi leo hawajaandika pundamilia hata mmoja. Walikuta alama za kwato kwenye tope, mara moja, na wakaandika: hazijulikani ni za nini. Nilipomsomea barua hiyo, alisema tu, "Bon. Aba banajua kazi."

Yeye wakambadilishia jina. Vijana wa Chaussée de Wavre walimwita Papa Zéro, na hakukuwa na mwenye duka aliyemfungulia friza tena. Kaki ikaingia kabatini. Karatasi za ngazini alizibandua mwenyewe, akasugua gundi kwa maji ya moto, na ukuta ukabaki na miraba myeupe. Mume wangu, aliyezichukia karatasi zile kwa miaka, alisimama mbele ya ukuta ule akasema jengo limekuwa baya. Masika yaliyofuata ndege mweusi alirudi kwenye kikapu cha baiskeli. Nilichungulia dirishani nikamwona mume wangu uani, amepiga magoti, anafunga kamba yenye vipande vya plastiki. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa Aprili hii, kwenye bustani ya nyuma ya basilika, penye bwawa. Nilikuwa natoka kwa mzee wangu wa asubuhi. Nikamwona kwenye benchi, mwenye sweta la kijivu, na daftari gotini. Mbele yake walikuwa wale mabata wakubwa wenye doa la kahawia kuzunguka jicho, ambao asili yao ni Afrika na sasa wamejaa Brussels yote.

"Conservateur!" nikamwita kutoka njiani.

"Ule alikufa," akasema bila kugeuka.

"Mzoga uko wapi?"

Akageuka. Akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka hadi akakohoa na nikalazimika kumpiga mgongoni. Akaniambia nikae. Mabata haya ni ya kwetu, akanieleza, hayana hata carte de séjour, kibali cha kuishi, na yanazaa kila mwaka bila kumwogopa mtu. Anakuja kuyahesabu kila siku, na anaandika yale anayoyaona tu. Jana yalikuwa tisa. Leo alikuwa amehesabu mara tatu na kupata nane.

Tuliinuka tukazunguka bwawa polepole, yeye na fimbo yake. Tulimkuta bata wa tisa chini ya matete, kichwa majini, manyoya ya bawa yamefunguka. Mzee akachutama kwa shida, akamtazama muda mrefu. Hakumgusa. Kisha akaingiza mkono ndani ya sweta akatoa kitabu kidogo cha fomu, karatasi zimegeuka njano. Juu yake palikuwa na jina la mbuga, na chini yake: taarifa ya kifo. Alivuka mipaka mitatu na kitabu hicho pia, na hakukuwa na hata ukurasa mmoja uliochanwa.

Akaandika tarehe. Akaandika mahali. Mnyama: bata. Idadi: mmoja. Sababu: haijulikani. Nilitazama akiuangalia mstari wa saini, nikangoja atoe muhuri mfukoni. Hakutoa. Akaandika jina lake, lile la kwenye faili la daktari wa macho, herufi moja baada ya nyingine, akanipa kalamu.

Nikasaini chini yake. Upande wa pili wa bwawa kulikuwa na bibi mmoja wa Kibelgiji na mbwa wake, anatutazama. Mzee akampungia mkono, akamwita kwa sauti yake ya zamani, maana ilikuwa imebaki saini moja, ya tatu.